JINO LA KUPANDIKIZA: MFUPA UNAVYOSHIKANA NA MADINI



Ndugu msomaji, jino ni katika neema za Allah (S.W.) ambazo thamani yake hujulikana zaidi linapong'oka. Wengi huacha pengo au hutumia meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Zipo pia hospitali zinazopandikiza jino ndani ya mfupa wa taya. Huduma hii ni ya gharama kubwa, na wapo wanaodhani kuwa wakishalipa, kazi imekwisha. Leo tuone jino hili linashikwa na nini, ili tujue pia kinacholing'oa.

Tuanze na madini yenyewe. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akatengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamuamuru atengeneze ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai, na wanazuoni wameitumia kuwaruhusu wenye haja kuweka meno ya dhahabu. Kitaalamu, fedha ikikutana na salfa hubadilika na kuwa nyeusi, lakini dhahabu haichakai.

Hata hivyo, dhahabu safi ni laini, haiwezi kubeba nguvu ya kutafuna ikiwa ndani ya mfupa. Madini yanayotumika sana ni titani. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vifaa vya titani katika mifupa ya sungura ili achunguze mzunguko wa damu. Alipotaka kuvitoa, akakuta mfupa umevishika na havitoki. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, ambaye aliishi na vipandikizi hivyo kwa zaidi ya miaka 40.

Siri iko kwenye ngozi ya madini hayo. Titani ikigusana na hewa, hujifunika papo hapo kwa utando wa oksijeni na titani, mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Utando huo huzuia kutu, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Kwa hiyo mwili haukioni kipandikizi kama adui wa kuzungushiwa kovu. Damu huganda juu yake, kisha seli zinazojenga mfupa hujipanga pale na kuanza kazi. Watengenezaji huufanya uso wake uwe na mikwaruzo midogo ili seli zipate pa kushika. Hakuna gundi hapo, ni mfupa hai unaokua.

Kwa kawaida kazi hiyo huchukua miezi 3 hadi 6. Kipandikizi kikitikisika katika kipindi hicho, badala ya mfupa huota nyama ya kovu, nacho hulegea. Basi ukiambiwa subiri, subiri.

Jino la asili lina nyuzi zinazolifunga kwenye mfupa na ufizi. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hivyo ufizi unaokizunguka ni mlango dhaifu. Uchafu ukiganda pale, bakteria huingia, ufizi huvimba na kutoa damu, kisha mfupa huliwa taratibu, mara nyingi bila maumivu. Jino la bandia halitoboki, lakini mfupa unaolishika unaoza. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa na mvuta sigara wako katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu vidonda vyao hupona polepole. Kijana ambaye taya lake bado linakua naye asubiri.

Jambo jingine linatuhusu sisi Waislamu. Mfupa ukiwa mdogo, daktari huongeza unga wa mfupa na kuufunika kwa utando. Baadhi ya bidhaa hizo hutokana na nguruwe. Muulize daktari kabla ya upasuaji, maana ipo mingine: mfupa wako mwenyewe, wa ng'ombe, au uliotengenezwa kiwandani. Usione haya, ni haki yako.

Ama udhu, jino hili limeshikamana na mwili na halivuliwi. Katika madhehebu ya Shafii kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho. Sukutua kama kawaida. Ukiwa na shaka, muulize sheikh wako.

Piga mswaki asubuhi na usiku, pitisha uzi kando ya jino hilo, na usiache sunna ya mswaki wa mti kwa kila swala. Ukiona damu kwenye ufizi, usingoje maumivu, nenda kwa daktari wa meno. Mfupa ukishaliwa, ni vigumu kuurudisha.

Wabillahi tawfiq.