Hepesi ya Sehemu za Siri na Mlango wa VVU (Sehemu ya Tatu)

Makala iliyopita ilihusu kaswende, ambayo huletwa na bakteria na hupona kwa penisilini. Hepesi si hivyo. Mgonjwa huota malengelenge madogo sehemu za siri, yakipasuka huacha vidonda vinavyouma, na baada ya wiki mbili tatu ngozi hurudi kama kawaida. Wengi hushukuru kwamba wamepona.

Hawajapona. Kirusi cha hepesi simpleksi aina ya pili hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi karibu na uti wa mgongo, kiunoni, na kubaki humo maisha yote. Mara kwa mara hushuka tena, pengine bila kidonda chochote, na ndipo mtu asiyejijua humwambukiza mwenzake. Aina ya kwanza, ile ya vidonda vya mdomo, nayo hufika sehemu za siri kwa ngono ya mdomo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 watu milioni 491 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na aina ya pili.

Hatari kubwa zaidi imo katika uhusiano wake na VVU, kwani mwenye hepesi hii huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi, karibu mara tatu. Je, asaikloviri, dawa inayokizuia kirusi kuzaliana, ikimezwa kila siku itapunguza hatari hiyo? Jibu lilitafutwa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 800 wenye hepesi wasio na VVU, wafanyakazi wa baa, nyumba za wageni na sehemu kama hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliopewa dawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa waliambukizwa karibu sawasawa.

Mwaka 2009 watafiti wa Seattle, Marekani, walieleza sababu. Kidonda kikishapona, chembe za kinga za CD4, zilezile zinazoshambuliwa na VVU, hubaki zimejazana pale kwa wiki kadhaa, hata kwa anayemeza asaikloviri.

Wanawake wale wanastahili shukrani kubwa. Bila wao, huenda vidonge hivyo vingegawiwa kama kinga ya VVU, navyo si kinga.

Asaikloviri hupunguza maumivu na kurudi kwa vidonda; kondomu hupunguza maambukizi, ingawa haifuniki ngozi yote. Mjamzito mwenye vidonda amweleze mkunga mapema, maana hepesi ya mtoto mchanga huua. Anayevipata kwa mara ya kwanza mwishoni mwa ujauzito asingoje tarehe ya kliniki, aende leo.