Sangara, Kalamu na Kompyuta

Ninafundisha milinganyo tofautishi mwaka wa pili wa chuo hapa Mwanza, na kuna jambo linaloniuma. Mpe mwanafunzi mlinganyo, swali lake la kwanza ni huu wa aina gani. Vigeu vyake vinatenganishika? Ni wa Bernoulli? Akishaujua, anafuata hatua alizokariri, intigrali inajaza ukurasa, jibu linapatikana na kupigiwa mistari miwili chini. Muulize jibu hilo linasema nini, anabaki kukutazama. Wala simlaumu. Mlinganyo wa namna hii unaeleza kitu kinabadilika kwa kasi gani, ili tujue kesho kitakuwaje, lakini muda wote wa kipindi unaliwa na kazi ya mkono.

Ndiyo maana naipigania Maxima. Ni programu ya aljebra: kikokotoo kinashika namba, yenyewe inashika herufi. Ukiiandikia mlinganyo wenye x na y, inakurudishia jibu lenye x na y. Chimbuko lake ni Macsyma, iliyoanza kutengenezwa MIT, Marekani, mwaka 1968. Haiuzwi, na hata kompyuta kuukuu inaimudu.

Mfano ninaoupenda ni wa sangara, maana wengi darasani wamekulia karibu na mialo. Mwaka 1838 Mbelgiji Verhulst alitoa mlinganyo unaosema kwamba viumbe huongezeka kulingana na wingi wao, ila ongezeko hupungua kadiri nafasi inavyojaa. Sisi tunatoa humo tani zinazovuliwa kila mwaka. Tuseme ziwa linabeba tani 1,000, na kiwango cha kuongezeka ni 0.8 kwa mwaka. (Namba hizi ni za kufundishia, si takwimu za Ziwa Victoria.) Vua tani 190 kwa mwaka: mstari unaochorwa na Maxima unashuka kutoka 1,000, unalala karibu na 612, na samaki wanadumu. Vua 210. Mstari unashuka vilevile, unaanza kulala, na darasa linasema wametulia. Kwa miaka kama 16 wanapungua polepole mno, kutoka tani 600 hadi 400. Kisha mstari unaporomoka, na kufikia mwaka wa 30 hivi ziwa ni tupu. Hapo ndipo mikono inapoinuka. Mpaka uko wapi hasa? Wanautafuta wenyewe kwa kalamu: ni robo ya 0.8 mara 1,000, yaani tani 200. Sijawahi kuona hamu hiyo tulipokuwa tunafanya intigrali tu.

Wenzangu wananiambia wanafunzi wakizoea mashine watashindwa kukokotoa. Ni hoja nzito, nami naikubali kiasi hiki: wiki za kwanza hatuwashi kompyuta. Huwezi kukagua kazi usiyojua kuifanya, na kazi ya Maxima inahitaji kukaguliwa.

Ondoa uvuvi, y iwe sehemu ya ziwa iliyojaa samaki, ubaki na mlinganyo mwepesi ambamo kasi ya y ni y mara 1−y. Amri ya Maxima ya kutatua milinganyo hii, ode2, inaleta tofauti ya logi mbili, ya y na ya y−1, pamoja na %c inayosimama badala ya namba yoyote isiyobadilika. Jibu safi, ungedhani. Lakini ziwa lisilo na samaki hata mmoja litabaki hivyo, y ikiwa 0 daima. Hilo limo wapi? Na ziwa lililojaa, y ikiwa 1 daima? Yote mawili hayamo. Ili kutenganisha vigeu ilibidi kugawanya kwa y mara 1−y, na pale inapokuwa sifuri huwezi kugawanya. Tena y ikiwa kati ya 0 na 1, ambako ndiko samaki wetu waliko, y−1 ni hasi, na logi ya namba hasi si namba halisi.

Kuna na milinganyo ambayo ode2 haiipatii jibu kabisa, kama ule ambamo kasi ya y ni x mraba kujumlisha y mraba. Mwaka 1841 Mfaransa Liouville alithibitisha kwamba milinganyo ya ukoo huo kwa jumla haitatuliki kwa intigrali za kawaida. Hata hivyo Maxima itakuchorea mishale ya mwelekeo ukurasa mzima, na mwanafunzi akiifuata kwa kidole anaona kila jibu linakoelekea.

Siku hizi kwenye mtihani nachapa jibu la Maxima lilivyotoka, kisha nauliza ni majibu gani yamepotea, yamepoteaje, na mvuvi angeambiwa nini.