Bunduki ya kale Marekani, silaha ya leseni Kanada

Bunduki ya wenzo iliyotengenezwa Marekani mwaka 1893 yaweza kuhesabiwa kuwa kitu cha kale nchini humo, lakini ikivushwa mpaka kuingia Kanada ikawa silaha inayohitaji leseni. Kwa wakusanyaji, na hasa kwa warithi wasiojua walichoachiwa, tofauti hiyo ina uzito.

Katika bunduki za aina hii, mpigaji hushusha na kupandisha wenzo ulio chini ya kifyatulio. Ganda tupu hutoka na risasi mpya huingia. Risasi za baadhi yake ni zile ambazo kemikali ya kuwasha baruti imewekwa ndani ya ukingo wa ganda, si katikati ya kitako chake. Miongoni mwa zinazotafutwa ni Marlin ya mfano wa 1891 na Winchester ya mfano wa 1873 yenye kipenyo cha .22, iliyoundwa kati ya 1884 na 1904. Ya pili ni adimu: zilitengenezwa takriban 19,000 tu.

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu kuwa ya kale bunduki yoyote iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake, ingawa majimbo yaweza kuweka masharti makali zaidi. Kanada hutaka iwe imeundwa kabla ya 1898, tena haiisamehe bunduki inayopiga risasi za kawaida za .22.

Hapo ndipo penye kioja. Bunduki ya Henry ya kipenyo cha .44, iliyotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, husamehewa. Marlin ndogo ya kuwindia sungura haisamehewi. Hata hivyo mantiki ipo: risasi za .22 zingali zikiuzwa madukani, ilhali za Henry zilikwisha kuachwa na viwanda miongo mingi iliyopita.

Umri nao hauthibitishwi kwa jina. Tarakimu 1873 ni ya mfano, na tarehe zilizochongwa kwenye mtutu mara nyingi ni za hataza. Kinachosaidia ni nambari ya bunduki yenyewe, ikilinganishwa na kumbukumbu za kiwanda. Anayeingia Kanada na bunduki ya urithi hana budi kuitaja kwa maafisa wa mpakani.