Sangara Kwenye Skrini: Filamu za Biashara ya Chakula na Akili ya Kijana

Filamu inayochunguza biashara ya chakula, inapofikiriwa kuonyeshwa kwa vijana, kwa kawaida hupimwa kwa yale yanayoonekana na kusikika ndani yake, yaani damu, ulevi, matusi na miili isiyositiriwa. Kigezo hicho kina haki yake, lakini huacha nje swali zito zaidi, nalo ni iwapo mtazamaji wa umri huo anaweza kutenganisha jambo ambalo filamu imelithibitisha na lile ambalo imelidokeza tu. Nchini Tanzania ukaguzi wa filamu una msingi wake katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Hata hivyo, kijana wa Buzuruga, kata ya Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza inayofahamika kwa stendi yake ya mabasi, hukutana na filamu katika kibanda cha video au kwenye simu ya mkononi, na huko ni nadra mtu kuuliza umri wa mtazamaji. Uamuzi wa kufaa au kutofaa huishia hivyo mikononi mwa mzazi, mlezi na mwalimu, ambao wanastahili kujua sayansi ina lipi la kuwaambia.

Katika miaka ya balehe mifumo ya ubongo inayoshughulikia raha, msisimko na hadhi ya kijana mbele ya wenzake huwa imechangamka mno, ilhali gamba la mbele la ubongo, yaani sehemu iliyo nyuma ya paji la uso inayosaidia kupima matokeo na kuzuia uamuzi wa pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita umri wa miaka 20. Laurence Steinberg, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye ni miongoni mwa walioeneza maelezo hayo, amesisitiza pia upande wa pili ambao husahauliwa mara nyingi: akiwa ametulia, ana muda na hana shinikizo la wenzake, kijana wa miaka 16 hupambanua hoja karibu sawa na mtu mzima. Tatizo ni kwamba filamu nzuri haimwachi mtu atulie. Mwaka 2000 watafiti Melanie Green na Timothy Brock walieleza hali ya kuzama katika simulizi, ambamo umakini, hisia na taswira za mtu vyote huchukuliwa na hadithi, na wakaonyesha kwamba kadiri msomaji anavyozama ndivyo anavyoona kasoro chache na kukubali zaidi imani zinazobebwa na hadithi hiyo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba skrini, yenye sauti, muziki na nyuso za watu, huwa na nguvu pungufu kuliko karatasi.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Super Size Me, filamu ya mwaka 2004 ambamo Mmarekani Morgan Spurlock alikula chakula cha McDonald's pekee kwa siku 30, akaongezeka kilo zipatazo 11, na madaktari wake wakaonyesha kushtushwa na hali ya ini lake. Nchini Marekani ilipewa alama ya kuwatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, kwa sababu ya lugha yake, maongezi ya mambo ya chumbani na picha za upasuaji wa tumbo, na baadaye likatolewa toleo la shule lililopunguzwa sehemu za aina hiyo. Mkasi ulipita palipokuwa rahisi kupita. Kiini cha filamu kilibaki jinsi kilivyokuwa, nacho ni jaribio la mtu mmoja, lisilo na kundi linganishi, yaani watu wanaofanana na mshiriki ambao hawapewi chakula kinachochunguzwa ili tofauti ipate kuonekana. Desemba 2017 Spurlock mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikuwa mnywaji wa pombe kwa miaka mingi, na kwa kuwa pombe ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya maradhi ya ini, sehemu iliyowatisha vijana kuliko zote ikapoteza nguvu yake kama ushahidi.

Hiyo haimaanishi kwamba chakula hicho kilisingiziwa. Huko Linköping nchini Sweden, kundi la Fredrik Nyström lilichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio ambamo watu 18 wenye afya njema walikula vyakula vya aina hiyo kwa wiki nne, wakilenga kuongeza maradufu nishati waliyoila na kupunguza kutembea, wakilinganishwa na wenzao walioendelea na maisha ya kawaida. Uzito uliongezeka kwa wastani wa kilo zaidi ya 6, na kiwango cha ALT katika damu, ambacho ni kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye seli za ini zinapodhurika, kikapanda kwa wengi wao. Filamu ilielekea karibu na ukweli kwa njia isiyoweza kuufikia, na tofauti hiyo ndiyo somo bora kuliko yote ambayo kijana anaweza kuyapata humo, mradi awepo mtu wa kumwonyesha.

Kwa mkazi wa Mwanza, hata hivyo, filamu inayogusa zaidi si ya baga. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka mwaka huohuo wa 2004, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar na kupata tuzo ya César nchini Ufaransa, na mandhari yake ni jiji hili: viwanda vya minofu ya sangara, uwanja wa ndege, mialo, na watoto wa mitaani. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na furu, samaki wadogo waliokuwa na spishi zaidi ya 500 ziwani humo, wakapungua kwa kasi iliyowashangaza watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakiwachunguza katika Ghuba ya Mwanza tangu mwisho wa miaka ya 1970. Minofu ilisafirishwa Ulaya, na mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, yakabaki kwa wanunuzi wa hapa.

Filamu hiyo inaonyesha mapanki yakianikwa katikati ya funza, watoto wakivuta moshi wa plastiki ili walewe, na wanawake wanaouza miili yao kwa marubani, na mmoja wa wanawake hao anauawa kabla filamu haijakamilika. Mtoto wa miaka 11 au 12 hapaswi kuachwa peke yake na picha hizo, hasa kwa kuwa wanaoonekana wakiumia ni wa rika lake na wanasema lugha yake. Kuhusu uzito wa picha hizo hakuna ubishi. Ubishi unastahili kuanza kwenye silaha, kwa sababu filamu inamwongoza mtazamaji aamini kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu hushusha silaha, wakati inachokiweka mbele yake ni maneno ya watu, likiwamo simulizi la rubani kuhusu safari aliyoifanya kwenda Angola, bila tukio lolote ambamo shehena ya namna hiyo inaonekana ikishushwa Mwanza. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliipinga hadharani akisema kwamba inaichafulia nchi jina. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliandika kitabu cha kuikosoa, Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 mahakama mjini Paris ikamtia Garçon hatiani kwa kumkashifu mtengenezaji huyo. Hukumu ya kashfa hupima maneno ya mkosoaji, na haigeuzi dokezo la filamu kuwa ushahidi.

Upande wa biolojia nao una pengo ambalo kijana hatalijua asipoambiwa. Sangara alikula furu wengi, lakini hakuwa mkosaji wa pekee. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yaliyochafuka kwa mwani, ambao hustawi virutubisho kutoka mashambani na mijini vinapoingia ziwani, huzuia furu jike kutambua rangi za dume wa spishi yake, hivyo mipaka ya spishi ikaanza kufifia hata pasipo jino la sangara. Kisa chenye mhalifu mmoja huvutia zaidi kwenye skrini, ila ziwa halikuharibika kwa namna hiyo.

Je, vijana wanyimwe filamu za aina hii? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Christopher Bryan, David Yeager na wenzao unashauri kinyume. Wanafunzi wa Texas wa umri wa miaka 13 na 14 walioelezwa jinsi kampuni za chakula zinavyotengeneza bidhaa na matangazo ili kuwafanya watu wale kupita kiasi walichagua vitafunio bora siku iliyofuata kuliko wenzao waliofundishwa lishe kwa njia ya kawaida. Katika ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2019, athari hiyo ilidumu kwa miezi mitatu katika manunuzi ya wavulana kwenye mkahawa wa shule. Kijana anayechoka kuambiwa kwamba soda ina sukari nyingi huamka anapoonyeshwa kwamba kuna mtu anayemchezea. Hamu hiyo ya haki ni mali kubwa, na inauma kuona inalishwa madai ambayo hayawezi kusimama yakichunguzwa.

Kwa mizani hiyo, Darwin's Nightmare inafaa kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu na kuendelea, yaani kuanzia umri wa miaka 15 hivi, akiwa na mtu mzima anayelijua ziwa, na filamu isimamishwe kila linapotolewa dai kubwa ili darasa liulize nani anasema, alikuwapo, na ni nini kingeonekana kama dai lingekuwa la uongo. Super Size Me inaweza kutangulia hata kwa wa miaka 13, kwa kuwa kosa lake ni rahisi kulishika, ingawa baga zake ziko mbali na Buzuruga, ambako chakula cha haraka ni chipsi mayai za kibandani. Huko maswali ni mengine: mafuta ya karai yamerudiwa mara ngapi, kwani kadiri yanavyochemshwa ndivyo yanavyooksidika na kuvunjika, na viazi vimekaangwa hadi rangi gani, kwa sababu vikipita nyuzi joto 120 huanza kuunda akrilamaidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden waliitangaza kuwamo katika vyakula vya kukaanga mwaka 2002. Darasa lenye daftari linaweza kupeleka maswali hayo kwa muuza chipsi wa jirani na kurudi na majibu ya kulinganisha.