Chumvi, Mswaki wa Mti na Mkaa: Dawa za Nyumbani Zinavyofanya Kazi Kinywani

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya mahindi na mvua, na mti wa mswaki hauoti huko. Vijiti vinavyouzwa mjini vikiwa vimefungwa mafungu hupanda kutoka nyanda kavu za kaskazini, kwa barabara ya Lodwar inayopitia Kapenguria. Waturkana huuita mti huo esekon na matunda yake huyala. Wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, na ndio uleule ambao Waislamu wa Pwani na wa Uarabuni wamesugulia meno kwa karne nyingi. Upande wa Bungoma, ambako mipera imejaa mabomani, kijiti cha mpera hufanya kazi hiyohiyo, na majani yake huchemshwa kwa ajili ya ufizi unaouma.

Ongeza hapo chumvi, magadi, majivu, mkaa, limau, karafuu na gome la mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, na utakuwa umeitaja karibu dawa yote ya kinywa inayopatikana nyumbani katika kaunti za Trans-Nzoia na Bungoma. Mimi ni mtu wa meno, na dawa hizi sizidharau. Ninachotaka ni kila moja iulizwe swali lake: inafanya nini hasa ikishafika kwenye jino? Maana baadhi yake zinafaa sana, nyingine zinaharibu meno ya watu wanaojitahidi kuyatunza, na hakuna hata moja inayoweza kuziba tundu.

Tuanze na adui. Juu ya jino hujijenga ukoga, utando laini wa bakteria unaouhisi kwa ulimi asubuhi. Bakteria hao hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Asidi hiyo ikishusha kipimo cha pH kinywani chini ya takriban 5.5, madini ya enameli, yaani lile ganda gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Mate huja kuizimua asidi na kurudisha madini, lakini yanahitaji muda, mara nyingi nusu saa au zaidi. Mtu anayekunywa chai yenye sukari mara tatu kwa siku, na katikati akalamba kipande cha sukari nguru, anayanyima mate nafasi hiyo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu muwa. Bungoma ni nchi ya miwa. Kampuni ya sukari ya Nzoia ilianzishwa mwaka 1975, na watoto hutafuna muwa njiani wakitoka shuleni. Wengi huamini kuwa nyuzi zake husafisha meno. Ni kweli nyuzi hizo hukwangua kidogo sehemu ya mbele ya jino. Lakini utamu wake huingia kwenye mianya ya magego na katikati ya jino na jino, mahali ambapo nyuzi hazifiki, na hapo ndipo meno ya watoto hutoboka. Muwa ni chakula kitamu, na sina ugomvi na mtu anayeula baada ya chakula kisha akasukutua kwa maji. Asiuhesabu tu kuwa mswaki.

Mswaki wa mti, kwa upande wake, una ushahidi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza utumiwe mahali ulipozoeleka, na katika mkutano wa kimataifa wa mwaka 2000 wataalamu walisema utafiti zaidi unahitajika. Hapa Kenya kazi ilikuwa imeshaanza. Mwaka 1990 watafiti Homer, Manji na Beighton walichapisha matokeo kuhusu mimea inayotumiwa nchini kama mswaki, wakionyesha kwamba maji yake huzuia baadhi ya vimeng'enya ambavyo bakteria wa ufizi huvitumia kushambulia. Mwaka 2011 wanasayansi wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden waliichambua mizizi ya Salvadora persica, wakaeleza kuwa kemikali inayoipa ule ukali unaopanda puani huua bakteria wa aina inayohusika na ugonjwa wa ufizi.

Lakini sehemu kubwa ya faida hutoka kwenye mkono wa mtumiaji. Nimewaona wengi wakitembea na kijiti mdomoni, wakikitafuna huku wakizungumza, kisha wanakitupa wakidhani kazi imekwisha. Fanya hivi. Chagua kijiti kibichi chenye unene wa kidole kidogo. Kikiwa kimekauka, kiloweke majini. Menya gome la ncha kiasi cha sentimita moja, utafune ncha hiyo taratibu mpaka nyuzi zifunguke kama brashi. Weka nyuzi kwenye mpaka wa ufizi na jino, kisha vuta kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unashuka, ya chini unapanda. Usisugue kwa kwenda kushoto na kulia. Pita nje, kisha pinda kijiti uingie ndani, nyuma ya meno ya chini ya mbele, ambako ukoga hugeuka jiwe upesi kuliko kwingine. Kesho yake kata nyuzi zile za jana na ufungue mpya.

Na usikate kijiti kwenye mti usioujua. Katika boma nyingi za magharibi ua ni mnyaa, na utomvu wake mweupe huunguza ngozi, macho na utando wa kinywa. Wapo wanaoudondoshea kwenye jino bovu ili kuua maumivu. Unachoua hapo ni ufizi na shavu. Mti wowote unaotoa maziwa ukikatwa, usiutie mdomoni.

Chumvi ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ni rahisi na haina makuu. Nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, unasukutua na kutema. Inatuliza ufizi uliovimba, inasafisha kidonda cha mdomoni, na inafaa kuanzia siku moja baada ya kung'olewa jino, si saa ileile, kwa kuwa donge la damu linalofunika shimo halipaswi kutibuliwa. Kinachonisikitisha ni kusugulia meno chumvi kavu. Punje zake zina ncha na hukata ufizi.

Maji ya majani ya mpera yana tanini, kitu kilekile kinachokaza ulimi unapouma pera bichi, na ukiyasukutua yakiwa yamepoa hukaza ufizi unaovuja damu. Ni msaada wa siku mbili tatu. Ufizi unaotoa damu unaomba kusafishwa zaidi, na wengi hufanya kinyume: wakiona damu kwenye brashi wanaacha kupiga mswaki upande ule, ukoga unazidi, damu inazidi. Akina mama wajawazito huliona jambo hili mara nyingi, kwa kuwa mabadiliko ya homoni huufanya ufizi uwe mwepesi kuvimba. Waendelee kupiga mswaki taratibu. Damu ikiendelea zaidi ya wiki mbili licha ya usafi mzuri, ukoga huenda umekwisha kuwa mgumu, na huo hautoki kwa dawa yoyote ya nyumbani.

Kuhusu soda ya kuokea keki na magadi, watu huvichanganya na ni vitu viwili tofauti. Soda ya kuokea ni laini, haikwangui sana, na hupunguza asidi. Kijiko kidogo katika glasi ya maji ya kusukutua hakina ubaya kwa mtu mzima. Magadi, yale ya kulainishia maharagwe, ni makali zaidi na mara nyingi yana floridi nyingi mno. Utafiti uliofanywa Tanzania umehusisha magadi ya kupikia na meno ya watoto kuota yakiwa na madoa ya kahawia.

Sasa mkaa, majivu na limau, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ninapoona madhara kila mara. Mtu anaketi kwenye kiti, anafungua mdomo, na meno yake hayana hata tundu moja. Ukiyamulika kwa taa unaona mfereji kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na ufizi, umechongwa kwa umbo la kabari. Akiwa anatumia mkono wa kulia, mifereji mara nyingi ni mirefu zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa huko ndiko mkono husukuma kwa nguvu. Rangi ya mfereji ni ya manjano: enameli imekwisha na dentini iko wazi. Maji baridi yakigusa hapo anashtuka. Ni mtu msafi, amesugua mkaa au majivu kwa miaka.

Mkaa hung'arisha kwa kukwangua. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti za dawa za meno zenye mkaa, na waandishi hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba ni salama au zinafanya kazi. Hao walizungumzia unga uliosagwa kiwandani. Wetu wa jikoni, uliopondwa kwa jiwe, una punje kubwa zaidi.

Majivu yana hatari nyingine. Kila mpishi wa Bungoma anajua munyu wa kienyeji: maganda ya maharagwe au ya ndizi yanachomwa, maji yanachujwa polepole kwenye majivu, na matone yale hutiwa kwenye mrenda na kunde ili vilainike. Maji hayo yana alkali. Alkali inayolainisha majani magumu ya kunde itaufanya nini ufizi, ambao ni laini tangu mwanzo?

Limau lina pH ya kati ya 2 na 3, chini sana kuliko 5.5 niliyoitaja. Ukilipaka kwenye meno, yanaonekana kung'aa kwa sababu tabaka la juu limeyeyuka. Likichanganywa na mkaa, asidi hulainisha na mkaa hukwangua. Enameli haioti tena.

Wanaofanya hivyo wengi wanahangaikia madoa. Trans-Nzoia ni nchi ya wahamiaji, na familia nyingi zimetoka sehemu za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima yana floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachokubaliwa na WHO. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu bado yanajengwa ndani ya taya, yanaota yakiwa na madoa ya kahawia. Doa hilo limo ndani ya enameli yenyewe, kwa hiyo kulisugua kutoka nje ni kulimaliza jino. Daktari wa meno ana njia za kulipunguza au kulifunika.

Msomaji ataniuliza: kama floridi inaharibu, mbona mnatuambia tuitumie? Ni kipimo. Nyingi ikimezwa utotoni huacha madoa. Kidogo ikipakwa juu ya jino kila siku huingia kwenye enameli na kuifanya istahimili asidi zaidi. Hicho ndicho mswaki wa mti, chumvi na mpera haviwezi kukupa kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 2021 WHO iliiweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Basi mwenye kupenda kijiti chake asikiache. Apake juu yake dawa ya meno yenye floridi kati ya 1,000 na 1,500 ppm, kiwango kilichoandikwa kwenye tyubu, apige asubuhi na usiku, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakwe kiasi cha punje ya mchele, na mkubwa kidogo kiasi cha njegere, chini ya jicho la mzazi. Angalia pia tyubu zenye picha za majani na karafuu. Baadhi hazina floridi kabisa.

Nimalizie na jino linalouma. Karafuu ina mafuta ya yujenoli, na madaktari wa meno nao huyatumia, wakiyachanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Karafuu moja ikilazwa juu ya jino inatuliza kweli. Gome la muthiga, lenye ukali wa pilipili, nalo huwapa watu nafuu. Mafuta ya karafuu yaliyokolea, hata hivyo, huunguza ufizi, na hayafai kwa mtoto mdogo. Asprini iliyopondwa na kubandikwa kwenye ufizi huacha kidonda cheupe; kidonge humezwa. Ugoro, petroli na maji ya betri visikaribie kinywa.

Tatizo kubwa la dawa za maumivu ni pale zinapoonekana kufaulu. Jino limeuma wiki tatu, mtu ametafuna karafuu na gome, siku moja maumivu yanakatika na anashukuru. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mshipa wa fahamu ndani ya jino umekufa. Bakteria hawajafa, wanashuka kupitia mzizi hadi kwenye mfupa wa taya, kimyakimya, na miezi baadaye uso unavimba. Kama jino limetoboka, ziara ya mapema kwenye kliniki ya meno inaweza kuishia kwa kuzibwa. Ukichelewa hubaki kung'olewa. Usimfuate mng'oaji wa kichochoroni. Daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni.

Uvimbe chini ya taya, homa, kushindwa kufungua mdomo au kumeza mate ni dharura ya siku hiyohiyo, hata iwe usiku, nenda hospitali. Na kama jino lako liliuma kwa wiki nzima kisha likanyamaza lenyewe, panga safari ya kliniki wiki hii, kabla halijavimba.