Bahari ni ya umma. Je, kibali cha mashua ni cha nani?

Uzi ni mrefu kidogo, vumilieni. Kila msimu wa kampeni Pwani, lazima kuwe na mgombea wa kusimama jukwaani na kusema bahari ni ya Mungu, kwa nini vijana wetu wa mashua watozwe ada? Watu wanapiga makofi. Mpinzani anajibu kwamba bila ada hakuna uhifadhi. Makofi tena. Mdahalo unaisha na swali lenyewe halijaguswa: ni nani anaruhusiwa kufanya biashara kwenye maji ya umma, na ni nani mwenye mamlaka ya kumruhusu?

Nitatumia mfano wa Kisite-Mpunguti, kule Shimoni, Kaunti ya Kwale, kwa sababu karibu kila sura ya ugomvi huu iko pale. Wageni huchukuliwa na mashua na majahazi kutoka Shimoni au Wasini kwenda kuona matumbawe, kasa na pomboo. Kisite yenyewe ni mbuga ya baharini, kama kilomita 28 za mraba, na humo hakuna kuvua samaki kabisa. Mpunguti ni hifadhi, kama kilomita 11 za mraba, na huko uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Shikeni hiyo tofauti, nitaitumia baadaye.

Tuanze na "bahari ni ya umma". Hilo ni kweli, wala si maneno ya jukwaani tu. Kifungu cha 62 cha Katiba kinataja mito, maziwa, bahari ya nchi yetu, ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, na mbuga za kitaifa, vyote kama ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Lakini skizeni vizuri. Kitu kuwa cha umma hakumaanishi kila mtu anaweza kukifanyia biashara atakavyo. Barabara ni ya umma, na bado matatu inahitaji leseni. Wewe kupita ni haki yako kama mwananchi. Kubeba abiria kwa nauli ni jambo lingine, kwa sababu sasa umebeba maisha ya watu na unapata faida kutokana na mali ya wote.

Kuna nchi ambazo zimeichora mistari hiyo miwili waziwazi. Mto Buffalo kule Arkansas, Marekani, ulitangazwa mto wa kitaifa mwaka 1972. Ukienda na mtumbwi wako mwenyewe, unaushusha majini bila kulipa kiingilio. Ukitaka kuwakodishia wageni mitumbwi, hapo lazima uwe na mkataba na wasimamizi wa mto, na wenye mikataba ni wachache. Kwetu kila anayeingia mbuga ya baharini analipa, awe mgeni au mwenyeji, ingawa viwango ni tofauti. Huo ni uamuzi wa kisera na mtu ana haki ya kuupinga. Lakini kuupinga ni jambo moja, na kusema biashara isiwe na kanuni yoyote ni jambo lingine kabisa. Wanasiasa wetu wanayachanganya mambo haya mawili makusudi, maana yakitenganishwa makofi yanapungua.

Sasa, nani anamtoza nahodha wa Shimoni? Hapa ndipo mambo hukorogeka. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo linalosimamia mbuga chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na ndilo linalotoza kiingilio. Mamlaka ya safari za majini, KMA, inashughulika na usalama wa chombo: kimekaguliwa? Kinabeba watu wangapi? Jaketi za kuokolea maisha zipo? Nahodha ana cheti? Mamlaka ya kudhibiti utalii iko chini ya sheria ya utalii ya 2011. Halafu kuna kaunti, ambayo Jedwali la Nne la Katiba limeipa utalii wa ndani, fuo za burudani na leseni za biashara.

Ofisi nne kwa mashua moja. Mimi sioni tatizo kwa kila moja kuwa na kazi yake. Usalama wa abiria si kazi ya mtu wa matumbawe. Tatizo ni kwamba kila moja ina risiti yake, na mwenye mashua moja ya mbao anapanga foleni zilezile anazopanga mwenye hoteli na boti kumi. Tofauti ni kwamba mwenye hoteli ana karani wa kumpangia. Hiyo ni hoja nzito kuliko "bahari ni ya Mungu", na bado sijasikia mgombea akiitoa mdahaloni.

Kwa hivyo mgombea ugavana akiwaambia atafuta ada zote za mashua, muulizeni: zipi? Gavana hana uwezo wa kufuta kiingilio cha KWS. Mbunge naye hawezi kufuta ada ya kaunti. Na hata zile zilizo mikononi mwa kaunti, Kifungu cha 210 kinasema ushuru au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Tamko la jukwaani halitoshi. Lazima mswada upite bunge la kaunti, kwa kawaida ule wa fedha wa kila mwaka.

Jambo zito zaidi ni idadi. Matumbawe yana kikomo. Nanga ikidondoshwa juu ya matumbawe inavunja kitu kilichochukua miaka mingi kukua, na pomboo aliyezingirwa na boti kumi hapumziki wala hali. Kwa hivyo siku moja lazima mtu aseme: mashua zinatosha. Akishasema hivyo, kibali kinageuka kuwa mali. Na kibali kikishakuwa mali, siasa inaanza.

Watapewa nani? Ukiviuza kwa mnada, mwenye pesa atavinunua vyote. Ukivitoa kwa anayefika kwanza, mwenye rafiki ofisini atafika kwanza. Ukivipigia kura ya bahati, nahodha wa miaka ishirini anaweza kukosa na mtu asiyejua hata kuogelea akapata.

Basi vitengewe wenyeji, watu wanasema. Naelewa inakotoka hoja hiyo. Mbuga ilipowekwa miaka ya 1970, waliopoteza mahali pa kuvua hawakuwa wenye hoteli. Walikuwa wavuvi wa Shimoni, Wasini na vijiji vya jirani. Utalii ndio uliobaki kama fidia, na fidia hiyo ikienda kwa mwingine, mvuvi atakuwa amepoteza mara mbili. Lakini Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, na cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Mgombea anayesema "watu wa bara watoke" anawaahidi kesi kortini, si kibali.

Kuna njia iliyo salama zaidi kisheria, na kwa maoni yangu ndiyo ya haki: vigezo vifuate kazi, si ukoo. Umeendesha chombo kwenye bandari hii ndogo kwa miaka mingapi? Ulikuwa mvuvi aliyepoteza eneo lake? Mashua ni yako na unaiendesha mwenyewe? Kisha kibali kisiuzwe wala kukodishwa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, maana bila hilo utakuta kijana wa kijijini ana jina kwenye karatasi, na tajiri wa mjini ndiye anayekusanya pesa. Kijana anabaki kulipwa mshahara wa siku kwenye "biashara yake".

Na kuna mlango ambao hauna ofisi wala risiti. Maji yanaweza kuwa ya umma na usiweze kuyafikia. Ukuta unajengwa, lango linafungwa, njia ambayo babu alipita na ngalawa sasa ina askari wa bawabu. Mitoni ni vilevile: kanuni za mazingira za 2006 zinazuia ujenzi kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingo, kutegemea upana wa mto, na bado wote tumeona majumba yakinywea miguu majini. Mwenye mashua asipokuwa na mahali halali pa kushushia abiria, kibali chake ni karatasi tu. Ikiwa mgombea wenu ana sera ya mashua lakini hana orodha ya njia za ufuoni zilizofungwa, hajafanya kazi.

Wanaouliza tuanzie wapi: Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Andika barua kwa KWS na kwa kaunti. Omba majina ya wote wenye vibali vya kubeba watalii, tarehe walizopewa na vigezo vilivyotumika. Omba pia ramani ya njia za umma za kufika ufuoni. Weka nakala yenye muhuri wa siku uliyoipeleka, halafu anza kuhesabu.