Daftari la Sukari

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anajidunga insulini, nunua daftari. Lile dogo la watoto wa shule latosha.

Insulini huitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini iwe nguvu. Insulini ikipungua, sukari hupanda: mtu ana kiu, anakojoa mara kwa mara, anakonda. Ikizidi, sukari hushuka mno, naye anatetemeka, anatoka jasho, hata kuzimia. Kwa hiyo kipimo cha insulini hurekebishwa, na daktari hukirekebisha kwa kutazama yaliyoandikwa.

Piga mistari. Andika tarehe, saa, sukari iliyoonekana kwenye mashine, yuniti ulizojidunga na chakula ulichokula. Ukilima siku nzima, andika "shamba", maana jembe nalo hushusha sukari. Ukila pilau nyingi harusini, andika pia. Ukificha, utapewa kipimo kisichokufaa.

Tuseme unajidunga asubuhi na jioni. Asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kula, umeandika 12, 11 na 13. Watu wazima wengi hutakiwa wawe kati ya 4 na 7 saa hiyo. Lakini jioni umeandika 6 na 7. Basi sindano ya asubuhi haina kosa. Daktari atatazama ile ya jioni, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi usiku. Pengine atakuambia kwanza upime saa tisa usiku. Kama sukari inashuka mno saa hiyo, kuongeza insulini ya jioni ni hatari. Kama haishuki, ataongeza kidogo, kisha mtatazama tena siku kadhaa. Siku moja ya 12 haitoshi. Huenda ulichelewa kula tu.

Huko Ulaya na Marekani wapo wanaovaa mashine ndogo inayosukuma insulini mwilini mchana na usiku. Nayo hurekebishwa kwa hesabu kama hizi.

Angalia pia insulini yenyewe. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu. Kama huna friji, iweke kwenye chungu kidogo, nacho ukizungushie mchanga wenye maji ndani ya chungu kikubwa, kivulini.

Sukari ikiwa chini ya 4, usingoje daktari. Koroga vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali upesi. Ukipata nafuu, andika saa uliyoshikwa.